Shajara ya mradi: watu watano wa Mfalme Alcaraz na neno moja lililonikwamisha

6 Januari

Nimeanza. Kazi yenyewe ni ndogo: kutafsiri kwa Kiswahili, tena kwa ushairi, kisa kimoja kutoka Libro de buen amor ya Juan Ruiz, kasisi wa Hita kule Hispania ya kati. Ni kitabu cha karne ya 14. Miswada yake hutaja miaka miwili, 1330 na 1343. Kina beti zaidi ya 1,700 na sina wazimu wa kuzigusa zote. Nimechukua ubeti wa 123 hadi wa 141, yaani beti 19, mishororo 76. Nikifanya mishororo miwili kwa siku nitamaliza kabla ya masika. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino, ili nione aibu baadaye.

Kilichonivuta ni umbo. Juan Ruiz anaandika kwa bahari waiitayo cuaderna vía: mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo silabi 14 zilizokatwa katikati, 7 huku na 7 kule, na kina kimoja mwishoni mwa yote minne. Mtu aliyelelewa na tarbia, shairi letu la mishororo minne kwa ubeti, akiona hivyo anavua viatu, amefika kwao. Yetu ni 8 kwa 8, na tuna kina cha kati ambacho wao hawana. Kina hicho cha kati ndicho kitakachoniua.

Kisa chenyewe: mfalme mmoja wa Wamoro, yaani Waislamu wa Hispania ya kale, jina lake Alcaraz, amepata mtoto wa kiume, wa pekee. Anaita wajuzi wamtazamie nyota ya mtoto. Watano kati yao wanatoa hukumu, kila mmoja ya kwake. Wa kwanza anasema atapigwa mawe. Wa pili, ataungua. Wa tatu, ataporomoka kutoka juu. Wa nne, atatundikwa. Wa tano, atakufa maji. Mfalme anaona wanamchezea: mtu mmoja atakufaje vifo vitano? Anawafunga, kila mtu mahali pake, na kutangaza hukumu zao kuwa ni uongo uliothibitika. Mtoto anakua, anaomba ruhusa kwenda kuwinda, na siku hiyo mbingu ni nyeupe. Wakifika porini wingu linapanda, mvua ya mawe inamshukia. Wanakimbilia makazi, wanavuka daraja, radi inampiga, inatoboa daraja, anaporomoka kwenye tundu lile lile, nguo zake zinanasa kwenye mti wa mtoni, anabaki akining'inia kila mtu akimwona, na maji yanammaliza hapo hapo. Vyote vitano, kwa mpangilio ule ule.

Nilimsimulia binamu yangu kwenye daladala, na kondakta akasahau kudai nauli ya watu wawili waliokuwa mbele yetu.

9 Januari

Nimekwama kwenye ubeti wa 130, mshororo wa kwanza: "Entre los estrelleros que l' vinieron a ver".

Estrelleros. Nilikuwa nimeshaandika "wanajimu" bila kufikiri, kama mtu anavyoweka chumvi. Kisha nikafungua kamusi ya Kihispania cha leo kuhakikisha, na maana ya kwanza niliyokutana nayo ni ya farasi. Caballo estrellero ni farasi anayeinua kichwa mno, pua juu, macho mbinguni, hata hatamu haimtii vizuri. Kwa mpanda farasi hiyo ni dosari, maana mnyama wa namna hiyo haoni anapokanyaga. Maana ya pili ndiyo niliyoitafuta, nayo imewekewa alama ya neno lililokufa: mnajimu.

Basi neno la mtu aliyeketi mbele ya mfalme limebaki kwa farasi asiyetazama njia. Nikacheka peke yangu saa nne usiku.

Kuna ndugu yake pia, estrellería, yaani unajimu wenyewe. Nalo limekufa. Kihispania cha leo kinasema astrólogo na astrología, basi.

12 Januari

Asili ya neno. Mzizi ni estrella, nyota, na estrella imetoka stella ya Kilatini. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni ile e ya mbele. Kihispania hakivumilii neno lianze na s iliyofuatwa na konsonanti nyingine, kwa hiyo kinaweka e mlangoni: schola ikawa escuela, stella ikawa est-. Sisi tuna ugonjwa huo huo, ila dawa yetu tunaiweka ndani: wenzetu wa zamani walipoletewa meli ya mvuke na jina lake la Kiingereza wakasema sitima. Wao huongeza irabu barazani, sisi sebuleni.

La pili ni ile r. Stella haina r. Kwa mwendo wa kawaida tungetarajia estella, na kweli iko: kuna mji Navarra unaoitwa Estella hadi leo, jina bila r. Maelezo ya kawaida ni kwamba astro, neno jingine la nyota lililotoka Kigiriki kupitia Kilatini, lilimwambukiza mwenzake. Maneno mawili yaliyoishi nyumba moja miaka mingi, mmoja akaanza kutembea kama mwingine.

Kisha mkia: -ero. Huu umetoka -arius ya Kilatini na ndio mkia wa mafundi. Zapato ni kiatu, zapatero ni fundi viatu. Hierro ni chuma, herrero ni mhunzi. Molino ni kinu, molinero ni mwenye kinu. Carne ni nyama, carnicero ni muuza nyama. Basi estrella, estrellero: mtu ambaye kazi yake ni nyota, kama vile kazi ya jirani yake ni viatu. Hakuna maringo ya Kigiriki humo. Ni jina la mtu ambaye ungeweza kumkuta kwenye msururu wa vibanda sokoni, kati ya mshona viatu na mchinjaji.

14 Januari

Leo nimefuta kurasa mbili.

Nilikuwa nimejenga hoja tamu: kwamba estrellero ni tafsiri ya munajjim ya Kiarabu. Najm ni nyota, munajjim ni mtu wa nyota, na hapo ndipo sisi tulipopata mnajimu na unajimu. Mazingira nayo yalinishawishi. Toledo ya karne ya 13 ilikuwa kiwanda cha tafsiri. Mwaka 1254, chini ya Mfalme Alfonso wa Kumi, Myahudi Yehuda ben Moshe alianza kukitafsiri kwa Kikastilia, yaani Kihispania cha wakati huo, kitabu kikubwa cha hukumu za nyota cha Ali ibn Abi al-Rijal, mnajimu wa karne ya 11 aliyetumikia watawala wa Kizirid huko Tunisia ya leo. Wakakiita Libro conplido en los iudizios de las estrellas. Msamiati wa anga wa Kihispania nao umejaa Kiarabu: acimut, nadir, alidada, Aldebarán. Cenit, utosi wa anga, pia ni samt, neno la njia, ila waandishi wa Ulaya walisoma m kama ni na kosa likakaa hadi leo.

Sasa, kama vyombo na nyota vina majina ya Kiarabu, mtu mwenyewe asiwe nalo kwa nini?

Rafiki yangu mmoja aliyesomea isimu alisoma kurasa zangu akaniuliza swali moja tu: "Na zapatero nalo limetafsiriwa kutoka Kiarabu?" Nikanyamaza. Lugha iliyokuwa ikizalisha -ero kila siku kwa kila kazi haikuhitaji kuazima wazo ili ipate estrellero. Mtoto wa mtaani angeweza kulitunga.

Kilichobaki mkononi ni mkato mzuri wa kinyume. Kwao zana ni za Kiarabu na fundi ana jina la nyumbani. Kwetu fundi ana jina la Kiarabu, mnajimu, na kitu anachokitazama kina jina la nyumbani, nyota.

15 Januari

Ukurasa wa pembeni, kwa sababu haya yananipendeza. Watoto na wajukuu wa astrum na stella waliotawanyika kwenye Kihispania:

Astroso. Zamani: aliyezaliwa na nyota mbaya, mwenye mkosi. Leo: mchafu, aliyevaa matambara. Mkosi uligeuka nguo.

Desastre, maafa. Nyota iliyokwenda kombo.

Na msemo: unos nacen con estrella y otros nacen estrellados. Wapo wanaozaliwa na nyota, na wapo wanaozaliwa wamebamizwa. Estrellado ni kitu chenye nyota na pia ni kitu kilichopasuka kwa kugonga, mpaka mayai ya kukaanga yaliyopasuliwa kikaangoni huitwa estrellados. Mchezo huo wa maneno haufiki Kiswahili. Wazo lake linafika lenyewe, maana nasi tunasema fulani ana nyota, nyota yake imefifia, na nyota njema huonekana asubuhi.

19 Januari

Siku ya maana. Nimerudi kwenye matini na kusoma beti zote 19 kwa mkupuo mmoja, kwa sauti, badala ya kunyofoa mshororo mmoja mmoja.

Nilichokiona ni hiki. Ubeti wa 123, mwanzo kabisa wa sehemu hii, hausemi estrelleros. Unasema astrólogos: wale wa kale, wanaosema katika elimu ya astrología kwamba mtu huhukumiwa na alama aliyozaliwa chini yake. Ubeti unaofuata unamtaja Ptolemaios na Plato. Hao ni watu wa vitabuni. Ubeti wa 129, mfalme anaita sabios, wenye hekima. Wa 130 ndipo wanapoingia estrelleros, kwa miguu yao. Wakitoa hukumu wanaitwa maestro. Ubeti wa 139, mtoto ameshakufa, mfalme anaamuru estrelleros watolewe gerezani, anawatendea wema na kuwaruhusu waendelee kutumia astrología yao. Halafu ubeti wa 140 mwandishi anarudi kuzungumza kwa sauti yake mwenyewe, na watu ni astrólogos tena: anawasadiki, anasema, ila Mungu aliyeumba maumbile anaweza kuyageuza.

Kwa hiyo Juan Ruiz alikuwa na maneno yote mawili mfukoni. Wakubwa wa vitabuni, na watu anaojadiliana nao kwa hoja, ni astrólogos. Wanaoingia mlangoni kwa mfalme, wanaokamatwa, wanaolala gerezani, ni estrelleros. Na hata hao, ufundi wao unaitwa kwa jina la kisomi. Yaani fundi bomba, na taaluma yake haidroliki.

Nikiandika "wanajimu" kila mahali nimewaua watu wawili kwa jiwe moja.

20 Januari

Orodha ya wagombea, na kila mmoja kwa nini ana shida.

Wanajimu: litabaki kwa astrólogos. Lina kilemba, lina kitabu. Isitoshe, kwa mtu wa rika langu aliyekulia Dar es Salaam, neno mnajimu lina sura ya mtu mmoja, marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011. Ukisema mnajimu msomaji anamsikia yeye redioni. Haifai kwa mtu anayefungwa na Mfalme Alcaraz.

Wapiga falaki: zuri, lakini falaki siku hizi imepelekwa shule, imekuwa sayansi ya anga.

Wapiga ramli: hapana. Ramli ni mchanga, si nyota, na sheria za Alfonso zenyewe zilitofautisha. Siete Partidas, sehemu ya saba, inasema utabiri ni wa aina mbili: ule wa kutumia nyota, ambao ni moja ya sanaa saba za kisomi na haukatazwi kwa walio mabingwa wake, na ule wa ndege, wa kura, wa maji, wa kioo, wa kiganja cha mtoto, ambao umekatazwa. Nikiwaita wapiga ramli nimewahamishia upande wa pili wa sheria. Halafu mizani, yaani idadi ya silabi: ramli ni mbili au tatu? Nimeona watu wazima wakigombana kwa hilo.

Wasoma nyota: hili linanivuta. "Wasoma nyota watano" ni mizani 8 kamili, ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, umejijaza wenyewe. Na utao wake, nusu ya pili, umekuja bila jasho: "wenye ujuzi kamili". Kihispania kinasema de más conplido saber, na conplido ndiyo kamili. Nimefunga daftari nikiwa nimeridhika.

22 Januari

Ubeti wa 131 umekamilika:

Wa pili akatamka: ataungua motoni,
Wa tatu: ataanguka, chini hadi korongoni,
Wa nne: atanasika, aning'inie mtini,
Wa tano akaitika: atakufia majini.

Asili ina infante kwenye mshororo wa tatu, mwana wa mfalme. Nimemwacha nje, hakuenea. "Akaitika" sijaipenda kabisa, ni kina kinachosema hapo na si mtu wa tano. Itasubiri.

27 Januari

Nimepoteza siku nne kwenye njia ya pembeni, na sijutii hata moja. Nilikuwa nafuatilia mwisho wa hawa watu wa nyota huko Hispania nikajikuta Malindi.

Njia ni hii. Abraham Zacuto alizaliwa Salamanca 1452, Myahudi, mtaalamu wa nyota, na kama wenzake wote wa wakati huo hakutenganisha kuhesabu mwendo wa jua na kusoma maana yake. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, akaenda Ureno. Kitabu chake cha majedwali, Almanach Perpetuum, kilichapwa Leiria 1496, na hesabu zake ndizo walizozitegemea mabaharia wa Kireno kupima latitudo kwa jua. Mwaka uliofuata Vasco da Gama aliondoka Lisbon. Aprili 1498 alipita Mombasa, ambako mambo hayakwenda vizuri, akatia nanga Malindi, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India.

Rubani huyo, waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja kwa namna mbalimbali: Malemo Cana, Malemo Canaqua. Si jina la mtu. Malemo ni mu'allim, mwalimu, cheo cha mjuzi wa njia za bahari. Na Cana au Canaqua wachambuzi huisoma kuwa kanaka, kutoka gaṇaka ya Kisanskriti: mhesabu, mnajimu. Yaani Wareno waliuliza nani huyu, wakajibiwa kwa vyeo viwili, wakaviandika kama jina na ubini.

Nimekaa na hilo kwa muda. Merikebu moja, imebeba hesabu za mtu wa Salamanca, ikiongozwa na mtu aliyepandia Malindi, na wote wawili ni wa kazi moja. Mgiriki alimwita mtu huyo mzungumza nyota. Mwarabu na Mkastilia, mtu wa nyota. Mhindi hakutaja nyota kabisa, akamwita mhesabu.

Hakuna hata moja kati ya haya litakaloingia kwenye ubeti. Nimeyaweka hapa yasipotee.

2 Februari

Jana nilivuka pantoni kwenda Kigamboni kumsalimu mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, aliyevua samaki maisha yake yote mpaka magoti yalipomkatalia. Nilikwenda na daftari. Nilitaka kusikia mishororo ikisomwa mbele ya mtu asiyejua Juan Ruiz ni nani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekonda. Haya soma hicho ulichokileta."

Nikasoma. Alicheka penye mfalme kuwafunga. Penye radi alitikisa kichwa, akasema mlezi wa mtoto ndiye mwenye kosa, wingu la namna ile linaonekana mapema na mwenye macho hatoki. Nikafika "wasoma nyota watano" akaninyoshea kidole.

"Hapo. Nyota husomwa?"

"Watu husema kusoma kiganja, babu."

"Kiganja kina mistari. Nyota hutazamwa. Mnajimu yeye husoma, ana kitabu chake ndani, kalamu, taa. Huyu wako mfalme kamwita usiku, si atatoka nje aangalie juu? Anatazama. Hata mtu akiwa na lake moyoni, anakwenda kutazamia. Hasemi nakwenda kusomea."

Nikamwambia "watazama nyota watano" ni mizani 9. Hakushtuka. Alisema hilo ni tatizo langu, kisha akanieleza juu ya Kilimia, lile kundi la nyota, jinsi baba yake alivyokuwa akipanga kilimo kwa hicho: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alilitaja vivi hivi, kama mtu anavyotaja ratiba ya pantoni.

Kwenye pantoni ya kurudi nilijaribu kujitetea kimoyomoyo. Ilipofika katikati ya maji nilikuwa nimeishiwa hoja.

4 Februari

Majaribio ya kuokoa mizani:

"Watazama nyota tano". Mizani 8. Maana: wanaotazama nyota tano. Hapana.

"Watazamia watano". Mizani 8, Kiswahili safi cha pwani, na nyota imetoweka. Neno la Kihispania limejengwa kwa nyota, siwezi kulitoa roho nikabaki na ngozi.

"Watazamanyota", neno moja, kwa matumaini kwamba kuliunganisha kutapunguza mizani. Haikupunguza. Ilinibidi nihesabu mara mbili kujithibitishia, jambo linaloonyesha hali yangu.

8 Februari

Limekwisha, na lilikuwa mbele ya macho yangu tangu Januari.

Nilikuwa natafsiri ubeti wa 135, pale mvua ya mawe imeanza, na mlezi wa kijana anakumbuka jinsi walivyomhukumu los sabios naturales que su signo cataron. Cataron. Kitenzi catar kwenye Kihispania cha leo ni kuonja, mvinyo hasa. Kwenye Kihispania cha kale ni kutazama. Wajuzi walioitazama alama yake. Mzee wa Kigamboni, ambaye hajawahi kuona neno la Kikastilia, alisema alichosema Juan Ruiz kwa kitenzi kile kile.

Basi kutazama hakuna mjadala tena. Nikarudi kwenye ubeti wa 130 kupigana na mizani, na safari hii nikausoma mshororo wote badala ya neno moja: "Entre los estrelleros que l' vinieron a ver, vinieron çinco d'ellos". Kati ya estrelleros waliokuja, walikuja watano. Watano si wote! Walikuja wengi, na hawa ni watano kati ya wengi. Mimi nilikuwa nimewabana estrelleros na watano kwenye ukwapi mmoja kwa sababu ya uvivu, na ule ukwapi niliousifu tarehe 20 ulikuwa tafsiri mbaya iliyovaa mizani nzuri.

Sasa:

Watazama nyota wake, watano wakatokea

Wa-ta-za-ma-nyo-ta-wa-ke, nane. Wa-ta-no-wa-ka-to-ke-a, nane. Nyota ipo, kutazama kupo, na watano wanachomoza kutoka kwenye kundi kama inavyotakiwa. Imenibidi nitupe "wenye ujuzi kamili", na imeniuma. Nimeiweka mshororo wa pili, tuone kama kina kitairuhusu. Haitaruhusu, -li na -a hawapatani, lakini leo sitaki kulijua hilo.

Uamuzi kwa hiyo: astrólogos ni wanajimu, beti za 123 na 140. Estrelleros ni watazama nyota, beti za 130 na 139. Sabios ni wajuzi. Na ubeti wa 139 nitahakikisha watazama nyota wanatoka gerezani wakiruhusiwa kurudi kwenye "unajimu" wao, kwa sababu mchanganyiko huo ni wa Juan Ruiz na si wa kurekebishwa.

9 Februari

Nilimpigia mzee simu kumwambia. Aliniuliza kama huyo Mhispania alikuwa mvuvi. Nikasema alikuwa kasisi. Akasema haidhuru.

16 Februari

Hesabu: beti 11 zimekamilika kati ya 19, mbili zinahitaji kushonwa upya (ule wa "akaitika" na ule wa daraja, ambapo radi na kutoboka kwa daraja havijaingia kwenye mshororo mmoja). Nimechelewa kwa mujibu wa kalamu ya wino.

Nimetazama pia kama Cervantes alilitumia neno langu. Kwenye riwaya yake Don Quijote ya 1605, sura ya 12, mchunga mbuzi anamsifu marehemu Grisóstomo kwamba aliijua "ciencia de las estrellas" na aliwaambia wakulima mwaka huu pandeni shayiri si ngano, mwaka ujao mafuta yatakuwa mengi. Anataja pia kupatwa kwa jua akikosea kutamka, cris badala ya eclipse, na Don Quijote hawezi kuvumilia, anamkatiza na kumsahihisha. Kisha anamfundisha kwamba elimu hiyo inaitwa astrología. Hapo ndipo ninapoona neno la kisomi likimkanyaga la mtaani hadharani. Mchungaji anasema elimu ya nyota, kila mtu ameelewa, na muungwana wa vitabu anaona lazima lipewe jina lake la Kigiriki. Mchungaji anajibu kwamba jina halijui, anachojua ni kwamba marehemu aliyajua hayo yote na zaidi.

Nampenda huyo mchungaji.

18 Februari

Neno linalofuata kunikwamisha limeshajitokeza: ayo, yule mlezi wa kijana, ubeti wa 135. Ni mwanamume, wa heshima, anayemlea mwana wa mfalme na kumfunza. Nilitaka kuandika mlezi na kupita, mpaka nilipoona kwamba kike chake, aya, ni ndugu wa aia ya Kireno, na aia ndiyo iliyosafiri hadi India ikawa jina la mwanamke anayetunza watoto, kisha ikaja kwetu ikawa yaya.

Yaya! Kwa hiyo neno la haki kabisa kwa historia yake ndilo lisilowezekana hata kidogo: mwana wa mfalme yuko msituni, mvua ya mawe inapiga, radi inakaribia, na yaya wake anakumbuka ya watazama nyota. Mzee wa Kigamboni atanifukuza.

Kesho ubeti wa daraja.